Kahawa ya Mkono wa Fawziya

Shukriya alimfundisha bintiye kazi kama alivyofundishwa yeye Unguja: mapema, nusu kwa mchezo. Fawziya alikuwa bado hajaota meno mapya ya mbele, lakini alikwishajua kuchagua mchele kwenye ungo, kukunja kanga pembe kwa pembe, na kufagia ua wa nyumba yao ya Ibra, Omani, ambao upepo uliujaza mchanga tena kabla hajauweka ufagio. Ilikuwa mwaka wa sabini na sita. Baba yake, Nadhir, alifanya kazi serikalini Maskati, akirudi kila Alkhamisi.

Mama yake Nadhir, Bi Wadha, hakupata kuvuka bahari. Maisha yake yote aliyaishi katika nyumba ya udongo upande wa mitende. Mwanawe alipelekwa Unguja kwa ami yake akiwa kijana mdogo, akamrudia mtu mzima, ana mke. Siku moja Bi Wadha alimkuta Fawziya amechutama mbele ya beseni, anafua nguo za nduguye mdogo. Akasema mjukuu wake hakuzaliwa kuwa mtumishi, na tangu hapo ikawa kila akija anasema atamchukua akamlee mwenyewe.

Bibi kumchukua mjukuu wa kwanza si jambo la ajabu, kule wala huku. Nadhir hakuwa na ulimi wa kumkatalia mama yake. Alimwambia mkewe tu kwamba Ijumaa mama atakuja na dada yake, Bi Kaltham, waione nyumba, kisha litazungumzwa.

Shukriya aliiona Ijumaa ile kuwa ndiyo nafasi yake. Mtoto mwenyewe ndiye atakayewapa wageni kahawa. Wakiiona adabu yake watajua kwamba anafundishwa, hatumikishwi, na binti atabaki kwa mamaake.

Walijifunza kwa maji baridi. Dele la kahawa mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, aanze na mkubwa.

"Na ukimtilia mgeni, mtilie," Shukriya alimwambia. "Usimwonjeshe."

Kwao, Malindi ya Unguja, kikombe kisichojaa kilikuwa uchoyo. Kwa mkwewe alikuwa akipewa kahawa ya kufunika kitako cha kikombe tu, na kila mara alijisemea moyoni kwamba watu wa nyumba hii mikono yao mizito. Hakumwuliza mtu. Waliomtembelea yeye walikuwa wenziwe waliorudi kutoka Unguja, na wao walijaziwa, wakanywa, wakashukuru.

Ijumaa alasiri wageni walikuja. Tende zililiwa, mikono ikanawishwa. Fawziya akatoka jikoni na dele, ncha ya ulimi nje kwa jitihada, akammiminia bibi yake mpaka ukingoni. Hakumwaga hata tone. Shukriya alimtazama mumewe aone kama naye ameona.

Bi Wadha hakukipeleka kikombe mdomoni. Alikiweka juu ya mkeka, taratibu. Bi Kaltham alipopewa chake, nacho kimejaa, akacheka puani.

"Haya, Wadha, tunyanyuke. Tumeshaagwa."

Shukriya naye akatabasamu, asijue kinachochekwa. Bi Wadha ndiye aliyemweleza, kwa Kiarabu cha polepole, kama mtu anayemsemesha mgonjwa: hapa mgeni hutiliwa kidogo, akimaliza hutiliwa tena, na tena, mpaka mwenyewe atikise kikombe kuonyesha ametosheka. Anayejaziwa anaambiwa anywe aende zake.

"Miaka yote unakunywa kwangu," alisema. "Ulidhani nakunyima?"

Shukriya akainama kukiondoa kile kikombe kilichojaa.

"Mtoto hana kosa," Bi Wadha akaongeza. "Mkono anao. Wa kumwonyesha ndiye hana."

Fawziya alikuwa bado amesimama na dele, akiwatazama nyuso zao moja moja.

"Mama, nimemwaga?"

Alichukuliwa kabla ya Ijumaa iliyofuata. Nadhir alisema ni mpaka skuli zifunguliwe. Zilipofunguliwa akasema mpaka baada ya Ramadhani. Huko kwa bibi yake Fawziya alifagia, alilisha mbuzi majani, alimpokea kila mgeni kwa kahawa, na hakuna aliyesema kwamba ametiwa utumishini.

Alkhamisi moja baba yake alimleta alasiri, atarudishwa magharibi. Maneno ya Kiarabu yalikuwa yakimtangulia mdomoni. Alipoliona dele alilichukua bila ya kuambiwa, akaketi mbele ya mama yake, akamtilia: kitako tu, barabara kabisa.

Shukriya akanywa, akakirudisha kikombe bila ya kukitikisa. Fawziya akamtilia tena. Akanywa, akakirudisha vilevile. Kahawa ilikuwa chungu.

"Mama, hujatosheka?"

"Bado," alisema, akakinyoosha kikombe.

Nje Nadhir alikuwa ameshawasha gari.