Lori Linalozama

Mchezo wangu wa simu ulikuwa na lori linalobeba samaki wakavu kutoka Kilwa ya kwetu, kando ya ziwa, kuja Lubumbashi. Kila daraja lilikuwa swali la hesabu: jumlisha nusu na theluthi, upite. Ukikosea, lori linazama kwenye matope, na watu wa kijiji wanakuja kulisukuma. Kila msukumo ni hatua moja ya maelezo. Akili yangu yote niliiweka kwenye matope yale, kwa sababu asiyezama hasomi maelezo.

Shule moja ya sekondari ya mtaa wa Hewa Bora ilikubali kuujaribu kwenye masomo yake ya mtandaoni ya Jumamosi. Kabla ya hapo mwalimu alikuwa akituma sauti ndefu kwenye WhatsApp, na wanafunzi walijibu "asante" bila kuisikiliza.

Niliwaahidi kwamba watacheza kwa majina ya utani, na hakuna atakayejua nani kazama mara ngapi. Ahadi hiyo niliiandika na kuifuta mara tano, nikihofia kwamba "hakuna" ni neno kubwa mno. Kisha nikaituma. Msichana mmoja aliyejiita Shofa wa Matope, yaani dereva wa matope, alizama kuliko wote, na kila mara aliandika kwenye kundi: "Munisukume, bandugu, samaki inaoza." Baada ya wiki chache alikuwa anavuka madaraja niliyodhani ni magumu mno.

Rafiki yangu wa chuo ndiye aliyetunza seva, iliyohifadhi kila kuzama. Siku moja aliniomba niwaulize wanafunzi majina yao ya kweli, eti kwa ajili ya vyeti. Nikawauliza. Wakanipa wote, siku hiyohiyo, kwa kuwa niliyeuliza ni mimi, nami nikampelekea.

Jumatatu moja, baada ya kupandisha bendera, prefe, mkuu wa shule, alisoma orodha mbele ya wanafunzi wote: jina, na idadi ya mara ambazo kila mmoja alizama. Yule msichana alikuwa wa kwanza. Kisha prefe akatangaza kwamba makosa hayo yatapunguza pointi zao.

Nilimkuta rafiki yangu mtaani Karavia, anakunywa soda.

"Weye unawazaka mingi," akasema. "Prefe iko mukubwa wa masomo. Aliomba, nikamupatia."

"Niliambia batoto hapana mutu atajua."

"Ni weye njo uliambia. Miye sikuambia mutu kitu." Akavuta kiti anikaribishe. "Ikala. Mwaka unakuya nitafundisha pale informatike, masomo ya kompyuta. Na weye utaendelea na malori yako."

Kumbe kazi alikwisha kuahidiwa kabla ya hadithi ya vyeti. Sikukaa.

Yule msichana aliniandikia faraghani, akiniita yaya kama mtu anavyomwita nduguye mkubwa: "Yaya, weye njo ulisemaka kukosea haiko zambi." Nilitunga majibu marefu, nikayafuta, nikatuma "nisamehe" peke yake. Aliisoma.

Jumamosi iliyofuata malori yote yalivuka madaraja yote bila hata moja kuzama. Majibu yalikuwa yakipitishwa kwenye kundi jingine, ambamo mimi simo. Prefe akanipigia simu kunipongeza. Nikamwambia hakuna anayejifunza kitu. Akasema wazazi wamefurahi, na akauliza kama naweza kutengeneza mchezo mwingine, wa fizikia.

Nikasema nitafikiria, ingawa jibu la hapana nilikuwa nalo tayari.