Mama Waliovuka Ruvuma

Waliopotezana na ndugu katika vita vya Maji Maji walimwendea yule bibi wa Mkunya, mtaja mizimu. Alidondosha unga wa mtama shinani mwa mti, kidogo kidogo, macho kayafumba kama anayeota, akitaja mama baada ya mama tangu aliyevuka Ruvuma, kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Kila mara alianza na mama zake mwenyewe, ndipo akawaita wa mgeni.

Sikuzani, aliyeokotwa vitani angali mdogo, alipiga magoti.

“Shikamoo, bibi. Nimeposwa. Kwetu ukoo hufuata mama, nami simjui wangu. Watoto wangu watakuwa wa ukoo gani?”

“Marahaba.”

Vidole vya bibi, vyeupe kwa unga, vikasita. Ukungu ukapita. Kisha unga ukadondoka tena, na bibi akawarudia mama zake walewale, tangu mtoni. Safari hii, baada ya jina lake mwenyewe, akaweka la Sikuzani.