Picha za RAW zilikataa kufunguka ku programu ya zamani, mudogo wangu akaitwa mupelelezi

Wakuu, salamu kwenu wote humu. Mutanivumilia, Kiswahili yangu ni ya Butembo.

Nimeona mwenzetu anauliza juu ya picha za RAW kukataa kufunguka ku programu ya zamani, na batu banamucheka eti anunue computer mupya. Mimi sikucheka. Ile shida ilikuwa karibu kunimalizia mudogo wangu. Naeleza vile ilikuwa, sitii chumvi.

Wakati vita ilikuwa imekolea, nilikuwa na studio ya picha Butembo. Mudogo wangu Paluku ndiye alikuwa anazunguka na kamera: ndoa, matanga, ubatizo.

Tantine yetu, shangazi mufanyabiashara, akatuletea kamera mupya kutoka Dubai. Muuzaji wa kule alikuwa ameiweka ku RAW, ile faili mbichi haijageuzwa kuwa JPEG, eti ndio quality ya juu. Sisi hatukujua kitu. Tulifurahi tu kama batoto.

Paluku akaenda nayo Mutwanga, batoto ba parokia walikuwa wanapata kipaimara.

Kwa kurudi, akakutana na barrière ya jeshi barabarani, mbele ya kufika Beni. Askari bakafungua begi. Kamera yenyewe "ikapotea" palepale, munaelewa. Karte mémoire, ile kadi ya picha, ndiyo tu ilifika bureau ya komanda wao, pamoja na Paluku.

Siku zile, ukitoka upande wa Mutwanga, karibu na waasi, na kitu haieleweki, basi wewe ni mutu wa waasi.

Komanda alikuwa mutu wa Équateur, jimbo ya mbali, alitumwa kwetu na kazi. Akapeleka ile karte ku studio tatu za Beni. Zote zikajibu sawasawa: aina ya faili haijulikani.

Kuna muerevu mumoja akabadilisha jina ya faili, akatoa herufi za mwisho akaweka jpg. Wakuu, hiyo haifungue kitu! Programu ikasema sasa faili imeharibika. Komanda kusikia "imeharibika", akasema kijana ameharibu ushahidi.

Eh Mungu wangu.

Muke wa Paluku akanipigia simu analia. Kesho yake ndege ya jeshi ilikuwa inamubeba. Bale balibebwa kabla yake, hatujaona hata mumoja amerudi.

Nikapita kwa tantine, nikachukua carton ya kamera, angalau nionyeshe ilinunuliwa dukani. Ndani mulikuwa CD, hata plastiki haijatolewa. Nikapanda pikipiki.

Njiani mwenye pikipiki ananiuliza: unaenda kuona nani? Mu carton muko nini? Nikamudanganya ni dawa ya mama. Wakati ule hata salamu ulikuwa unaipima kwanza.

Na niseme tu, hata mimi kichwa ilianza kunisumbua. Mbona picha za kipaimara zikatae kufunguka? Paluku, ulipiga nini kule? Nilijikasirikia, lakini ile wazo haikutoka.

Komanda alinipokea ku studio moja ya zile tatu, mutaa wa Bungulu, Beni. Sergent wake alisimama mulangoni na bunduki. Ndiye, kule bureau, alikuwa analinda chumba balifungia Paluku.

Bakawasha mashini, ile computer ya studio. Programu inafunguka, na jina yangu inatokea ku écran: Studio Kambale, Butembo.

Hapa nieleze kidogo. Ile programu mimi ndiye niliileta ya kwanza kwetu, CD ya kopi, na wakati wa kuiandaa niliandika jina yangu. Batu bakakopi, na benzao bakakopi kwa bale. Nafikiri mpaka Kanyabayonga ilifika na jina yangu. Mbele ya pale nilikuwa najivuna nayo.

Komanda akauliza, "Kambale ni nani?"

"Ni mimi, mon commandant."

"Jina yako iko ku mashini zote tatu. Zote tatu zinakataa kufungua. Donc wewe ndiye chef yao."

Jasho ikanitoka mpaka ku viatu. Nikamueleza: hizi studio tatu ni programu moja, na ni ya zamani kupita kamera. Haiwezi kujua faili za kamera ilitoka nyuma yake. Umeuliza mashahidi tatu, kumbe ni shahidi mumoja.

Akageukia mwenye studio. Huyu bwana amekula ugali kwangu, kopi nilimupa na mukono wangu.

"Mimi huyu papa simujui," akasema. "Programu nilinunua soko."

Wakuu, niliumia.

Nikatoa ile CD. "Hii ilitoka na kamera, inajua kuzifungua."

"Ama kuzifuta?" komanda akauliza.

"Hapana. Kopi kwanza faili ku mashini, halafu bofya wewe mwenyewe. Mimi nakaa kule na mikono ku magoti."

Akabofya. Mashini ikafikiri, ikafikiri. Halafu picha ya kwanza: bana-bike, basichana badogo na nguo nyeupe. Padiri. Mama mumoja na kuku ya zawadi. Nilitaka kulia. Komanda akaanza kucheka, "Mais, hii ni batoto tu!"

Akaendelea. Halafu akasimama ku picha moja.

Mwanaume wa shati ya mistari, mukono ku bega ya mutoto, parrain wake, musimamizi wa kipaimara. Komanda akaangalia écran, akaangalia mulangoni. Sisi wote tukageuka.

"Sergent. Uliniambia uko malade, unalala nyumbani."

"Mon commandant, nilimuahidi baba ya ule mutoto mbele hajafa."

"Na huyu kijana, ulimuona kule?"

Sergent akainamisha kichwa. "Nilimuona. Ndiye alitupiga picha."

Sergent alikuwa anamupelekea Paluku maji, na anajua kila kitu; Paluku hakumutambua ndani ya nguo ya jeshi. Neno moja tu ingemutoa Paluku mule ndani, lakini ingemuingiza yeye.

Komanda akamunyanganya bunduki. Paluku akatoka ile siku, sergent akabaki mule ndani.

Krismasi ilipopita, mama ya ule mutoto akatoka Mutwanga kuchukua picha. Nikamutolea kubwa. Akaiangalia sana, akauliza parrain iko wapi, mbona alisema atakuja Noël na hakuja. Paluku akatoka inje. Nikamujibu amehamishwa. Mpaka leo sijui kama nilimudanganya.

Basi, kwa mwenye kuuliza: weka RAW na JPEG pamoja, usitupe CD ya mu carton, na kama huna, tafuta programu ya kugeuza faili, ziko za bure. Jina ya faili usiiguse.

Juu ya batu, sijui niwafundishe nini. Paluku anasema yeye pia angenyamaza, na hataki mutu amutukane ule sergent mbele yake. Ninyi mungefanya nini? Andikeni, nitasoma yote, lakini musitukane.