Loice Akiwa Zamu

Al Wukair, walikoishi nje kidogo ya Doha, Qatar, ilikuwa mwisho wa njia ya basi la shule, kwa hiyo Loice alichukuliwa wa kwanza asubuhi na kurudishwa wa mwisho mchana. Katika muhula wake wa kwanza wa chekechea, mtoto huyo alikijua kiti cha mbele yake kuliko alivyomjua mwalimu. Alipanda jua halijatoka vizuri, akashuka amelala, shavu lina alama ya mshono wa kiti. Mama yake, Nasimiyu, alimbeba begani kama furushi la mashuka. Mashuka aliyajua sana, maana kazi yake ilikuwa kutandika vitanda katika hoteli moja kubwa ya Doha.

Siku shule ilipowaita wazazi, mwalimu aliwauliza kwa upole kama mtoto wao anaweza kuzungumza, kwa sababu tangu aandikishwe hakuwa ametamka neno. Nasimiyu na mumewe, Job, wakatazamana. Nyumbani Loice alizungumza mpaka Job, mtu asiyejulikana kwa ibada, alikuwa akifumba macho na kujifanya anasali ili apate kimya kidogo. Walitaka kucheka lakini hawakuweza. Walipofika nyumbani, walikuwa wamekwisha kuamua kwamba mtoto atasomea hapo hapo.

Zamu za kazi ziliwasaidia. Job alikuwa msimamizi wa walinzi kwenye jengo refu la ofisi. Aliingia alfajiri na kutoka mapema mchana. Nasimiyu aliingia hotelini jioni. Basi mama alifundisha asubuhi, baba akafundisha baadaye, na katikati wakakabidhiana mtoto mlangoni, kwa namna waliyoizoea kazini.

"Amekula," Nasimiyu alikuwa akisema huku akivaa viatu. "Amesoma herufi mpaka M. Amegombana na P. Hakuna tukio jingine."

"Nimepokea," Job alijibu, na mkewe akakimbilia gari la hoteli.

Mpango ulikuwa mzuri. Kasoro yake moja hawakuiona: kila mmoja alifundisha alichokijua. Loice wa miaka mitano alijua kukunja pembe za shuka kabla ya kujua kuandika jina lake. Alitundika kibao cha "Usisumbue" kwenye kitasa cha choo, na wazazi wakasubiri zamu yao nje. Kwa baba yake alijifunza kusimama wima, kumtazama mtu machoni, kuuliza swali moja na kungoja jibu. Job alimkatia beji ya mgeni kutoka boksi la viatu, na yeyote aliyekuja, awe jirani au mleta mitungi ya maji, hakuvuka kizingiti bila kuivaa. Hesabu walisomea kwenye lifti ya jengo alilolinda Job, siku za Ijumaa ofisi zikiwa zimefungwa. Walipanda na kushuka kwenye ubaridi wa kiyoyozi, mtoto akitaja namba kadiri taa zilivyowaka.

Aliyewanyima usingizi ni Olivia, dada mkubwa wa Job, mwalimu mkuu mstaafu kule nyumbani Kimilili, Kenya. Watu wote, hata ndugu zake, walimwita Mwalimu. Ndiye aliyemlea Job mama yao alipofariki. Na Job, ambaye aliwahi kumzuia mkurugenzi mzima asiingie ofisini mwake mwenyewe kwa sababu amesahau kitambulisho, hakujua namna ya kumwambia dada yake hapana. Mwalimu alipiga simu akasema kwamba watu wawili wenye kazi zao hawawezi kugeuka shule. Angekuja mwezi wa nne kujionea. Akimkuta mtoto anasoma, vyema. Akikuta anachezewa, atarudi naye Kimilili aishi kwake, ambako shule iko ng'ambo tu ya ua.

Job aliitikia sawa. Nasimiyu alipomwuliza hiyo sawa ilikuwa ya nini, alisema ilikuwa sawa ya kusikia, si ya kukubali.

Nasimiyu hakutulizwa na maelezo hayo. Pale hotelini wenzake wengi walikuwa na watoto kwenye simu, walioachwa makwao. Aliona jinsi mtoto anavyoanza kwa kumwonyesha mama yake jino lililong'oka, akishika simu kwa mikono miwili, na jinsi miaka miwili baadaye anavyosema shikamoo ya haraka na kukimbilia mpira. Hakutaka Loice aingie kwenye simu. Kwa hiyo mwezi mzima alimfundisha mtoto shairi la mvua, nyimbo mbili, na jinsi ya kumsalimu shangazi kwa heshima.

Mwalimu alifika Ijumaa. Job alimleta kutoka uwanja wa ndege, akamshusha mlangoni mwa jengo, akamwelekeza ghorofa, kisha akaenda kutafuta mahali pa kuegesha gari. Juu, Nasimiyu alikuwa jikoni akikanda unga wa chapati, mikono imezama. Kengele ilipolia, aliita kwamba anakuja. Kabla hajajitoa kwenye unga, alisikia mlango ukifunguliwa kwa upana ulioruhusiwa na mnyororo.

"Karibu," ilisema sauti ya Loice. "Umekuja kumwona nani?"

"Mimi ni shangazi yako. Fungua, mtoto."

"Kitambulisho, tafadhali."

Ukasikika mkoba ukifunguliwa. Nasimiyu alichungulia kutoka jikoni na kuona pasipoti ikipenya kwenye upenyo wa mlango. Loice aliigeuza, akaigeuza tena, akaitazama picha, akamtazama mgeni.

"Huyu wa picha hacheki."

"Hata mimi sicheki."

"Basi ni wewe. Una shughuli gani?"

"Nimekuja kumwangalia Loice. Na ikibidi, nimchukue."

Nasimiyu alikuwa amekwisha kunyanyua mguu aende kuomba radhi. Neno hilo lilimrudisha. Alibaki amesimama, unga ukimkauka vidoleni.

"Loice hana ruhusa ya kutoka," mtoto alisema.

"Nani amesema?"

"Mimi ndiye niko zamu."

"Na Loice mwenyewe anasemaje?"

Swali hilo Loice hakuwa amefundishwa. Alifikiri. "Yuko darasani," alisema. "Ngoja nikamwulize." Akaufunga mlango, akatembea mpaka meza ya kulia, akakaa kwenye kiti chake cha darasani, akanyamaza kama mtu anayeshauriana, kisha akainuka na kurudi. "Anasema hawezi kwenda, ana masomo. Lakini wewe unaweza kuingia. Vaa hii. Na usiguse kitu."

Job alipofika juu akihema, alimkuta dada yake sebuleni, wima, beji ya boksi la viatu ikining'inia kifuani juu ya shanga zake nzuri.

Mtihani ulianza hata chai haijamiminwa. Shairi la mvua lilikwenda vizuri, ingawa Loice alilisema huku macho yake yakiulinda mlango. Alisoma sentensi tatu bila kukwama. Nasimiyu alianza kupumua, akaweka chapati ya kwanza motoni.

"Mkono huu una vidole vingapi?" Mwalimu aliuliza.

Loice aligusa kidole gumba. "Chini," alisema, kisha akaendelea na vingine, "moja, mbili, tatu, nne. Vinne."

Mwalimu aliutazama mkono ule kuhakikisha kwamba haukosi kitu. "Na hiki gumba?"

"Hicho ni cha chini. Hapo ndipo watu wanaingilia."

"Endelea kuhesabu mpaka ishirini."

Loice alipanda bila taabu mpaka kumi na mbili, akaruka, akatua kumi na nne.

"Kumi na tatu iko wapi?"

"Haipo," mtoto alisema kwa subira. "Hawakuijenga."

Job alitazama dari. Jikoni chapati ilianza kuungua, na Nasimiyu aliiacha iungue. Moyoni alikwisha kuliona begi dogo la Loice likipangwa. Mwalimu aliuliza ni nani aliyefundisha hesabu za namna hiyo. Loice akasema ni Baba na lifti.

"Nipelekeni niione hiyo lifti," Mwalimu alisema.

Wakaenda, wote wanne, Mwalimu angali na beji yake, maana aliyekuwa zamu hakumruhusu kuivua. Mlinzi mmoja wa Job pale mapokezi alimwomba kitambulisho kingine cha kweli, naye akakitoa. Ndani ya lifti alivaa miwani na kuvipitia vitufe kwa kidole, kimoja kimoja, kama anayesahihisha daftari. Chini. Moja. Mbili. Alipofika kumi na mbili, kidole kikatua kumi na nne; waliojenga waliikwepa kumi na tatu kama namba ya mkosi. Akarudia tena kutoka mwanzo. Loice alimwangalia bila kumharakisha.

"Mliniambia mtoto huyu shuleni hakutoa neno," Mwalimu alisema hatimaye.

"Hata moja," Nasimiyu alijibu.

"Mimi watoto wamenipita mikononi mpaka nimesahau majina. Leo nimempa mmoja pasipoti yangu kwa mikono miwili, bila kujua kwa nini." Alivua miwani. "Kumi na tatu naweza kumfundisha hata kwa simu. Huo mdomo nisingeweza. Abaki. Lakini hesabu ni zangu, kila Jumamosi, kwa maharagwe. Wewe Job, usiguse namba tena."

"Sawa, Mwalimu," Job alisema, na safari hii Nasimiyu hakumwuliza sawa hiyo ni ya nini.

Mwalimu alikaa nao wiki mbili. Asubuhi alifundisha pamoja na Nasimiyu, na wakagombana juu ya namna ya kushika penseli, kila mmoja akimwita mwenzake mama mzima asiyejua kitu. Kumi na tatu ilipatikana, kwa maharagwe, ingawa Loice aliendelea kuitazama kwa mashaka.

Siku ya kuondoka, Job alitangulia na mabegi. Mwalimu alimkumbatia Nasimiyu, akafika mlangoni, na akamkuta Loice amesimama mbele ya mnyororo, mkono umenyooshwa.

"Beji," mtoto alisema.

Mwalimu aliomba abaki nayo kama ukumbusho. Akaambiwa kwamba beji haitoki nje. Aliivua, akaikabidhi, akainama ili ashikwe mashavu, kisha mlango ukafunguliwa kwa upana wote.

Loice alingoja mpaka lifti ilipojifunga. Kisha akamgeukia mama yake, visigino pamoja.

"Ameingia mmoja," alisema, "ametoka mmoja. Hakuna tukio jingine."

"Nimepokea," Nasimiyu alisema, na ikambidi arudi jikoni haraka, kama aliyeacha kitu motoni.