Mbegu za Hoho Juu ya Meko

Mwaka uliofuata kuanza kwa vita vya Hitla nilikuwa na miaka kumi na tisa, na shida zangu zinaanzia hapo, ingawa si vita vilivyoniletea. Mume wangu alikuwa amekwenda manamba, kibarua cha mkataba, kwenye mkonge wa Tanga. Zikaja habari kwamba amefia huko. Nikabaki mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, katika chumba cha kupanga, na binti yangu Kalunde mgongoni. Shule nilisoma mpaka nikajua kuandika jina langu, basi. Nasema mapema ili anayetaka maneno ya kisomi atafute kwingine.

Matanga hayajaisha vizuri, akaja shemeji yangu kutoka Ipole, mrina asali. Alilia kwanza, kisha akafuta macho, akasema:

"Shemeji, desturi unaijua. Kazi huna. Mvua zikianza nakuja kuwachukua wewe na mtoto."

"Mnipeleke nyumba gani?"

"Yangu."

"Yenye wake wawili?"

"Wa tatu hajazi nyumba."

Nikamuuliza, je, akinikuta na kazi? Akacheka. "Ukiwa na kazi ya kueleweka, sikugusi, wala mtoto sichukui. Lakini kuchota maji usiniambie ni kazi."

Basi asubuhi yake nikaenda bustani ya Boma kuomba kuchota maji.

Siku ya kwanza kazini nilipewa debe na kuonyeshwa kisima. Bustani ile ililisha hospitali na nyumba za wakubwa. Wanawake tulichota, wanaume walilima, na mbegu ziliguswa na mtu mmoja tu, Nyapara. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe katika njia ya misafara mpaka pwani, na huyu mjukuu alitembea kana kwamba mzigo bado uko kichwani, shingo wima, hageuki upande. Juu yake alikuwapo Bwana Shamba, Mwingereza mrefu mwenye kofia ya nyasi, aliyependa kuchuchumaa na kutazama vitu vidogo.

Mimi nilimwagilia kitalu. Kitalu ni tuta la udongo laini panapoatikwa mbegu ndogo, miche ikipata nguvu huhamishiwa bustanini. Kipupwe kile Bwana Shamba alitaka pilipili hoho kwa ajili ya wagonjwa. Mbegu zilitoka ng'ambo ya bahari, kopo moja, na meli zilikuwa zinazamishwa, hakuna aliyejua jingine litafika lini. Nyapara akaatika. Upepo wa Juni ukapuliza, ule wa Tabora unaoingia mpaka kwenye magoti. Nikamwagilia na kumwagilia. Udongo ukabaki mtupu kama uso wa sahani.

Bwana Shamba akaja, akachuchumaa, akafukua kwa kijiti. "Hazikuoza," akasema. "Zimelala tu. Nyapara, zisipoamka kitalu nakifunga, na wachota maji wapunguzwe."

Aliyeingia mwisho ndiye hutoka kwanza. Nilijua ni nani.

Nikamfuata Nyapara. "Shikamoo mzee. Hizi mbegu zinataka nini?"

"Marahaba. Zinataka wewe ukachote maji."

"Maji zinayo. Mtama sisi tunauotesha hata katika baridi hii, kwa kimea."

Kimea ni nafaka iliyooteshwa kwa ajili ya pombe. Mwanamke wa Kinyamwezi hafundishwi kukitengeneza, anakua akikiona. Unaloweka mtama, unaumimina katika chungu chenye majani, unaufunika, unauwekea jiwe juu. Mtama unajipasha joto wenyewe na kuchipua.

Nyapara akawageukia wanaume. "Jamani, mama Kalunde anataka kupika pombe ya hoho! Ikiiva atatuita tuonje!" Wakacheka mpaka majembe yakalala. Hata hivyo alinitilia mbegu kidogo kiganjani. Nilimtazama machoni nikaona naye ana hofu. Kitalu kikifungwa, yeye ni nyapara wa nini?

Nikazifanyia kimea hasa kama alivyofanya mama yangu. Nikaloweka mpaka maji yakabadilika, nikafunika, nikaweka jiwe. Nilipofunua, harufu ilinitoa jikoni. Zilikuwa ute mtupu. Mtama ni punje nene, unakunywa sana na unajipasha joto ukiwa mwingi. Mbegu ya hoho ni nyembamba kama gamba la samaki, na zangu zilikuwa chache, haziwezi kupashana. Nilikuwa nimezizamisha, kisha nikazikandamiza zisipumue. Hilo sikulijua wakati ule. Nilijua tu kwamba zimeoza.

Nikaanza kutazama. Nyuma ya jiko la nyumba tuliyopanga palikuwa na pilipili kichaa zimejiotea, zilizodondoshwa na ndege. Ndege hao hao walitua uani kote, lakini katika baridi ile vichipukizi vilikuwa chini ya ukuta ule peke yake. Kwa nini hapo? Nikaweka kiganja ukutani. Ulikuwa wa moto kidogo, maana upande wa ndani yamekaa mafiga. Nikashika udongo. Hapo ndipo mama mwenye nyumba alipomwaga maji ya vyombo, nao ulikuwa na unyevu wa nguo iliyokamuliwa, si matope. Nilisimama pale na debe tupu kichwani mpaka mama mwenye nyumba akauliza kama nimepagawa.

Nikarudi kwa Nyapara.

"Za kwanza ziko wapi?"

"Zimeoza."

"Unasema bila haya?"

"Haya ya nini, mzee? Nimejua kisichofaa. Zako za kitaluni zimekufundisha nini?"

Mtu mmoja akapiga mluzi. Nyapara akainamisha kopo mkononi mwangu mpaka likaisha. "Hizi ndizo za mwisho. Zikioza, usipite hata njia ya bustani."

Sikilizeni sasa, ninyi mnaouliza kila siku. Nilichana kipande cha kaniki yangu kuukuu, maana juu ya nguo nyeusi chochote cheupe kinaonekana. Nikakilowesha kwa maji ya uvuguvugu, nikakikamua mpaka hakidondoshi. Nikatandaza mbegu zisigusane, nikakunja, nikaweka ndani ya nusu ya kibuyu na kufunika kwa nusu nyingine, nikiacha upenyo. Nikakiweka kwenye uchaga juu ya meko, pale tunapokaushia mahindi ya mbegu. Nilipima joto kwa ndani ya mkono, kama unavyopima uji wa mtoto. Mkono ukitaka kuondoka, ni moto mno, sogeza kando. Kila asubuhi nilifungua zipate hewa, nikanusa, nikarashia maji kwa vidole kama nguo inataka kukauka. Hoho haina haraka. Mtama ungekwisha kuwa pombe na kulevya watu, hoho bado inafikiri.

Asubuhi moja nikafungua nikaona ncha nyeupe, kama jino la kwanza la Kalunde. Kisha nyingine, na nyingine. Nikambeba Kalunde mgongoni na kibuyu kifuani, nikaenda Boma nikitembea kama Nyapara mwenyewe.

Alitazama muda mrefu. Nilidhani atakichukua kibuyu aseme ni chake. Lakini alimwita Bwana Shamba, akasema, "Ni kazi ya mama Kalunde. Mimi zangu zimelala." Kisha akaninong'oneza, "Usivimbe kichwa. Bado hatujazila."

Bwana Shamba akataka kuona jiko. Akaingia kwetu Ng'ambo ameinama, kofia ikabaki mlangoni, moshi ukamtoa machozi, asitoke. "Kwa nini nguo nyeusi? Kwa nini hukufunga kibuyu kabisa? Ukiweka karibu zaidi inakuwaje?" Nikajibu niliyojua. Nisiyoyajua nikamwambia siyajui, twende tujaribu. Majirani walijaa uani kutazama Mzungu anayelia jikoni.

Zilizoota niliziatika moja moja katika vikombe vya majani ya mgomba, nikizishika kwa unyoya wa kuku, maana mzizi ule ukivunjika hauna wa pili. Mchana zilikaa juani, jua likishuka nikaziingiza. Zilipopata majani manne zikahamia kitaluni chini ya kichanja cha nyasi, na nyasi nikazipunguza pole pole ili zizoee jua. Nyapara alinifundisha hilo la mwisho, sitamnyima haki yake.

Mvua za kwanza zikaanguka, na shemeji akaja. Alinikuta nimeinama kitaluni. Nyapara akamzuia.

"Unamtafuta nani?"

"Mke wa marehemu ndugu yangu."

"Hapa hakuna mke wa marehemu. Kuna mwatikaji wa Boma. Kama unataka miche, subiri zamu yako."

Shemeji akanitazama, akatazama matuta. Nikamchumia hoho katika miche ya kwanza iliyokwisha hamia bustanini, akaing'ata akiwa amekunja uso tayari.

"Mbona haiwashi?"

"Ulitaka ikuwashe?"

Akaila yote, akaaga. Maneno yake aliyatimiza, hakunigusa wala mtoto hakumchukua.

Nilifanya kazi pale mpaka vita vikaisha. Baadaye nikaitwa Urambo, kwenye vitalu vya tumbaku. Mbegu ya tumbaku ni vumbi. Bwana Msimamizi wa kule, mtu wa kelele, alinikuta sijafukia, akafoka, "Funika mbegu, mama!" Nikamwambia hii inataka mwanga, nikimfunikia atavuna udongo. Tukagawa tuta, nusu lake, nusu langu. Lilipochipua upande mmoja akavua kofia, akauliza nilijuaje. Nilijuaje? Nilikuwa nimejaribu kwanza kwenye kigae, nyumbani.

Nimestaafu na bado wanakuja vijana na pakiti zenye picha. Nawaambia: nyanya na bilinganya zifanyeni kama hoho, ila zina haraka kidogo. Kabichi haihitaji meko. Karoti msiziatike kabisa, zipandeni pale pale zitakapokaa, zina chuki na kuhamishwa. Na kabla hujauliza mtu, weka mkono wako ukutani.

Niliyo nayo leo ni haya. Nyumba ya vyumba vinne hapa Ng'ambo, ya bati, kwa jina langu. Kisima. Mashine ya kushonea, ambayo Kalunde alinifundisha kuitumia. Mbuzi. Kitanda cha mninga. Debe la siku ya kwanza, limetoboka, napandia mchicha. Mlango ambao ufunguo wake ninao mimi. Na jikoni, juu ya meko, kibuyu chenye kaniki. Jana mbegu zilizomo zilikuwa hazijatoa ncha. Leo bado sijafungua.