Kifungo Cheupe cha Koti la Baba

Mji wetu mdogo huko Kivu ulikuwa na barabara moja tu, na barabara hiyo ndiyo iliyotugawa. Waliokaa upande wa parokia na kinu cha mihogo tuliwaita watu wa juu. Sisi wa upande wa soko tulikuwa watu wa chini. Kabla ya vita ulikuwa utani wa mpira na wa harusi. Kisha kundi moja likawapa bunduki vijana wa juu, kundi jingine likawapa vijana wa chini, na utani ukaisha. Asubuhi moja soko letu likachomwa. Mama alinivuta mkono tukakimbilia mashambani. Baba alirudi nyumbani kuchukua cherehani ya mama, akiwa amevaa koti lake. Hatukumwona tena.

Koti hilo alilishona mama mwenyewe, maana alikuwa fundi. Kitambaa cha kijivu, vifungo vyeusi. Cha tatu kilikosekana, akakata kimoja cheupe kwenye blauzi yake. Mji mzima ulimcheka baba kwa kulivaa hata jua la saa sita, naye hakulivua. Alisema aliyeoa fundi hana ruhusa ya kusikia joto.

Tulifika Brussels mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa na miaka minane. Tukapewa nyumba Berchem, ghorofa ya tano, lifti mbovu. Ndugu wa mbali walimshauri mama akae matanga ya baba, yaishe. Mama alikataa. Kila karatasi ya ofisini aliandika kwamba ameolewa, na kila mlango ulipogongwa bila taarifa alivua aproni kwanza ndipo akafungua. Nilimchukia kidogo kwa hiyo aproni. Sasa naona haya kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kilichoniudhi zaidi ni msusi wake. Saluni zilikuwa tele karibu nasi, lakini kila mwezi mama alipanda basi hadi Molenbeek kusukwa na mwanamke mmoja wa kwetu, mtu wa juu. Kila mtu alijua mdogo wa kiume wa mwanamke huyo alikuwa miongoni mwa vijana waliochoma soko. Wao wawili waliongea juu ya kinu, juu ya yule sista wa zahanati aliyechoma sindano kama anakomoa mtu. Juu ya huyo mdogo, kimya. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nimenuna.

"Ana mukono mwepesi," mama alisema tukirudi. "Na anakumbuka kwetu."

Nilipofika miaka kumi na saba, habari zikaja kwamba yule kijana amefariki huko nyumbani, kwa ugonjwa. Mama akaloweka maharage ya kupeleka matangani kwa msusi.

"Maman, ule muntu alichoma soko yetu!"

"Ndiyo. Na sasa amekufa. Alors, vaa viatu."

"Na kama hatuende?"

"Bantu batasema tulifurahi."

"Si tunafurahi!"

Alinitazama mpaka nikavaa viatu.

Kwetu, asiyefika matangani ni kama amekiri kwamba kifo hicho alikitaka. Na mwenye ugomvi na wafiwa haishii kuja tu: anaingia jikoni na kuosha vyombo vya msiba, mbele ya macho ya wote. Haambiwi. Anajua mwenyewe.

Chumba kilijaa watu. Kwenye meza yenye kitambaa cheupe kulikuwa na mshumaa na picha kubwa ya marehemu, ameketi mbele ya kinu, anacheka. Mama aliinama kusema sala yake, akakawia. Nikasogea. Kijana alikuwa amevaa koti la kijivu lililompwaya mabegani. Kifungo cha tatu kilikuwa cheupe.

Nilitaka kupiga kelele. Mama alinishika mkono, akanyoosha kitambaa cha meza kilichojikunja, akaingia jikoni. Aliosha vyombo mpaka alasiri: sahani, masufuria, hata mifuniko ambayo haikutumika. Msusi alikuja mara moja kumwambia, "Maman, pumzika." Mama akachukua mfuniko mwingine.

Kwenye basi nilimbembeleza mimi, mimi niliyekuwa nikimcheka kwa kungoja. Nilimwambia koti huokotwa, koti huuzwa, labda baba alilitupa akikimbia.

"Papa yako hakukuwa anavula ile koti," alisema. "Bon. Imetosha."

Basi likapita chini ya kanisa kubwa la Koekelberg. Alilia bila sauti hadi Berchem, na mimi nikalia naye, machozi ya miaka tisa yote tuliyokuwa tumeyaweka akiba.

Jumamosi iliyofuata tulikaa matanga ya baba. Hatukuwa na picha yake, kwa hiyo mama aliweka mezani mkasi wake wa ufundi. Hakumweleza mtu kwa nini ameamua sasa. Watu wa chini walikuja, na watu wa juu wachache.

Msusi alifika mapema, kabla chakula hakijapakuliwa. Nilimfungulia mlango na sikumpisha. Aliona mkasi mezani, akamtazama mama. Hakutoa pole. Alipita pembeni yangu, akaingia jikoni, akakunja mikono ya gauni lake jeusi. Vyombo vichafu havikuwepo bado. Basi akafungua kabati, akatoa sahani zetu safi, akaanza kuziosha moja moja.

Kumbe alijua. Miaka yote hiyo, kichwa cha mama kikiwa mikononi mwake, alijua koti lile lilitoka wapi. Nilikwenda kumnyang'anya sahani.

"Mutoto, muache," mama alisema kutoka mkekani. "Aoshe zote."