Laini na Shimo la Mwezini

Mtaani walimwita Laini, na jina hilo hakulipata bure. Miaka thelathini na nne alipiga plasta kuta za watu, na tundu lolote ukutani, hata la msumari, alilichukia kama limemtukana.

Sasa binti yake, mwalimu wa sayansi, akamletea kazi ya ajabu: picha ya kasoko moja ndogo ya mwezini, yaani shimo lililochimbwa na jiwe kutoka angani, lenye ukingo ulioinuka, vilima na mawe yakilizunguka. Alitaka sura hiyo yote ifinyangwe kwa plasta juu ya meza ya maabara, wageni waione kesho asubuhi. Mwalimu mkuu alitaka kuita mchongaji. Binti akasimama kidete: baba yangu anaweza. Kwa hiyo kazi ikiharibika, atakayeumbuka ni huyo binti.

Hadi saa sita mchana Laini alikuwa amemaliza shimo, ukingo, vilima, kila kitu. Kisha mlinzi wa shule akaja kupiga soga. Wakazama kwenye mpira, mara kwenye wakwe, na mkono uliozoea kazi, jamani, hauombi ruhusa. Mlinzi alipoondoka, shimo lilikuwa limezibwa, vilima vimenyolewa, mwezi mzima unateleza kama ukuta wa sebule.

Lahaula! Plasta ilikuwa imeisha mfukoni, iliyo mezani inaanza kushika, na viatu vya binti vinasikika koridoni. Laini aliogopa, kisha akajikasirikia. Akaokota kokoto akautandika mwezi kwa nguvu zake zote.

Plasta ikamrukia hadi ndevuni. Alipofuta macho, akaona shimo la mviringo, ukingo umeinuka wenyewe, mabonge yametapakaa pande zote kama pichani. Lile la asubuhi, tuseme ukweli, lilifanana na beseni.

Binti alisimama mlangoni. Akatazama picha, meza, ndevu za baba. Laini akaanza kujieleza, na huku anajieleza mkono unaufuata mwiko.

"Baba, usiguse."

"Hapo pembeni tu, mwanangu. Kuna kiufa."

"Weka mwiko chini. Sijawahi kuona kazi yako nzuri kama hii."

Wenye nyumba walimsifu sana, lakini huyu binti hakuwahi. Akaweka mwiko chini, akavuta kiti, na kwa kuwa alijijua vizuri, akaikalia mikono yake mpaka plasta ikakauka.